Taa Ndogo ya Kushoto

Afande Dionis, mkuu wa upelelezi wa wilaya, hakupenda vitu vidogo. Alipenda panga, bunduki, gari lililolala miguu juu. Vitu ambavyo mtu akiviona mezani hahitaji kuelezwa. Kwa hiyo Inspekta Julieth Masanja alipomwekea mezani globu moja isiyozidi ukubwa wa karanga, pamoja na vipande viwili vya plastiki iliyoingia manjano, Dionis alikunja uso kabla hata hajauliza.

"Nini hii?"

"Taa ndogo ya gari, afande. Ile ya pakingi. Niliiokota barabara ya Kwihara, pale alipogongwa yule mama."

"Aliyemgonga yule mama ninaye mahabusu."

"Una mtu wa bodaboda mahabusu. Hii globu haimhusu."

Dionis alishusha pumzi. Kesi ya Kwihara aliiona imekwisha, na Julieth alikuwa na tabia mbaya ya kufufua kesi zilizokwisha. Juzi, jua lilipokuwa linazama, Mwanahawa, mkulima wa mpunga, aligongwa akirudi nyumbani kwa miguu kando ya barabara. Mpaka sasa alikuwa hospitalini Kitete, hajafumbua macho. Aliyemfikisha huko ni Shilinde, dereva wa bodaboda, ambaye alimfunga mgongoni kwake kwa kanga ili asianguke njiani. Manesi walimpokea majeruhi. Polisi walimpokea Shilinde, shati likiwa limelowa damu.

Shahidi alikuwepo, tena mmoja tu: Ngollo, mchoma mkaa, aliyekuwa shambani kwake mbele ya kona. Alisema aliona taa moja ndogo inakuja kutoka mjini, akasikia kishindo, taa ikasimama, kisha ikapotelea nyuma ya ua wa minyaa. Gari hakulisikia, vyura wa masika walikuwa wanapiga kelele bondeni. Alikimbia, akauzunguka ua, akamkuta Shilinde amemwinamia Mwanahawa na pikipiki iko pembeni. Taa moja, pikipiki moja. Dionis hakuhitaji zaidi.

"Shilinde mwenyewe anasema nini?" aliuliza Julieth.

"Anasema aliona taa mbili nyekundu za gari zinaishia kwenye kona. Kila mtuhumiwa ana gari lake la kufikirika."

"Kwenye maelezo yake hilo gari halimo."

"Kwa sababu halipo."

Julieth alifungua mkoba wake, akatoa betri ya pikipiki, waya mbili na globu mbili mpya za aina ile ile ya iliyookotwa. Aliunganisha moja, ikawaka. Akaifunika kitambaa, akaigonga kwa rungu la mkuu wake. Moshi mweupe ulichungulia pembeni ya kitambaa, na alipokifunua, ule uzi mwembamba wa ndani ulikuwa umeungua, umebaki vumbi jeupe kwenye ncha. Ya pili aliivunja bila kuiwasha. Uzi wake ulibaki mzima, unang'aa.

"Unaniharibia meza," alisema Dionis, lakini alikuwa amesogeza kiti.

"Sasa tazama hii ya Kwihara. Kioo hakikuvunjika, iliruka ikaangukia mchanga. Ndani ni nyeusi kama kandili lililokosa kufutwa. Uzi umekatika, na kwenye ncha kuna kitone kilichoyeyuka. Hii haikuuawa na ajali, afande. Iliungua siku nyingi kabla, na mwenye gari akapuuza, kama tunavyopuuza wote."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo haikuwa inawaka. Na Ngollo aliona taa inayowaka. Alichokiona ni mwenzake. Chombo kilichomgonga Mwanahawa kilikuwa na taa ndogo mbili mbele, ya kulia nzima, ya kushoto, upande aliokuwa Mwanahawa, imekufa. Taa ya pikipiki ya Shilinde ni moja, na haina hata mkwaruzo."

Dionis alikiinua kipande kimoja cha plastiki, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Barabara ile imejaa vyuma na vioo tangu enzi za misafara ya pembe za ndovu. Utajuaje hiki si cha mwaka jana?"

"Mvua ya alasiri ile ililainisha mchanga wote. Hivi vilikuwa juu yake, visafi. Na hapo unapokishika, kwenye ufa, kuna uzi wa kanga. Nimeulinganisha na kanga ya Mwanahawa hospitalini."

Dionis alikirudisha kipande mezani, akatafuta pa kutokea. Akapata.

"Globu haiwezi kupanda kizimbani. Niletee gari. Kesho asubuhi karandinga linakwenda mahakamani, na Shilinde amo. Na huyo mama akifariki, mashtaka yanabadilika, mwenyewe unajua yanakuwa yapi."

Julieth alijua. Alizoa vitu vyake mezani akatoka.

Duka la spea alilolianzia lilikuwa karibu na stendi. Mwenye duka alivitazama vipande, akasema bila kusita kwamba ni vya taa ya mbele ya kushoto ya gari dogo la familia, lile ambalo kila mtu Tabora analo.

"Umeuza taa kama hiyo karibuni?"

"Jana. Kwa dereva wa mnunuzi wa tumbaku kutoka Urambo. Alikuwa na haraka, jasho linamtiririka."

"Nyingine?"

"Hapa sina nyingine. Wanaokosa kwangu huagiza Nzega, inakuja na basi."

Gari la Urambo alilikuta gereji ya Isevya, boneti liko wazi. Dereva alipoona kitambulisho cha polisi alidondosha funguo, na kwa dakika moja nzuri Julieth aliamini kazi imekwisha. Taa iliyovunjika ilikuwa bado sakafuni. Alipiga magoti, akavipachika vipande vyake kwenye tundu. Havikukubali. Kioo cha taa hiyo kilikuwa kimekwaruzwa na mchanga hata hakipitishi mwanga sawasawa, na vya kwake havikuwa na mikwaruzo, vilikuwa vimeingia manjano tu. Isitoshe, ndani ya taa ile globu ndogo ilikuwemo, imekaa mahali pake.

"Unaogopa nini?" alimuuliza dereva.

"Nilidhani mmekuja kwa ajili ya leseni. Yangu imekwisha muda, dada."

"Kaifanyie mpango kabla sijabadilisha mawazo."

Alikaa kwenye pikipiki yake nje ya gereji, akafikiri. Alikuwa akiitafuta taa wakati alipaswa kuitafuta safari. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani. Jua likielekea kuzama, mji huu hunyamaza. Mwislamu yuko nyumbani anasubiri adhana, na asiye Mwislamu hana mteja wa kumtoa nyumbani. Nani basi huchukua gari dakika zile akaelekea nje ya mji, tena Kwihara, kusiko na soko wala stesheni? Julieth mwenyewe alikuwa Mkatoliki wa Nzega, lakini alikuwa ameishi jirani na Waislamu muda wa kutosha kulijua jibu. Anayetoka saa ile anapeleka futari kwa mtu asiyeweza kuja kuichukua.

Njia ya Kwihara ndiyo ile ile ya misafara ya zamani, isipokuwa sasa hupita baiskeli za mkaa. Julieth aliuliza nyumba mbili tu. Wote walimwelekeza kwa Bibi Tufaha, mjane wa ukoo wa Kimanga, Waarabu wa Omani, aliyekataa katakata kuhamia mjini kwa mdogo wake. Alimkuta kwenye baraza la nyumba yake ya kuta nene, anachambua mchele.

"Hodi hapa. Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani. Hukufunga wewe, naona. Nikuchemshie chai?"

"Asante, bibi, usijisumbue. Nimepita tu. Wanakukumbuka kwa futari, huko mjini?"

Bibi alicheka. Hakuna swali ambalo lingemfurahisha zaidi. "Wanikumbuke wasinikumbuke, Thabit mdogo wangu hajaniacha mwezi mtukufu hata mmoja. Juzi tu wameniletea sambusa na tambi. Ila juzi hiyo, wallahi, walinichelewesha. Adhana imekwisha, nimefungua kwa tende na maji, ndiyo nasikia gari."

"Alileta nani?"

"Sikumwona. Nilikuwa nimekwisha simama kuswali. Nilisikia mlango wa gari, nikasikia kitu kinatuliwa barazani, basi. Nilipotoa salamu ya kumaliza swala nikatoka, gari limekwenda. Hata hodi!" Furaha ilimtoka usoni kidogo. "Siku zote anayeleta hukaa, tukala pamoja. Nikasema labda kuna mgonjwa nyumbani."

"Hukuwapigia simu?"

"Nilipiga. Thabit akasema hakuna mgonjwa. Akasema kama kuna mtu ataniuliza, niseme futari juzi haikuja. Nikamwambia, wewe Thabit, mimi nimefunga, nitasemaje uongo? Na chombo chao ninacho ndani?"

Alikuwa nacho kweli. Alikileta mwenyewe, hotpoti kubwa la maua mekundu, limesuguliwa likameta, jina la Thabit limeandikwa chini kwa rangi ya kucha kama wafanyavyo watu wenye shughuli nyingi.

"Hawajalifuata?"

"Walituma mtu jana. Nikamrudisha. Chombo cha watu nikirudishe kitupu? Nasubiri asali yangu ya Sikonge ifike, nijaze kitu ndani ndipo kiende."

Julieth alimtazama bibi yule kwa heshima na kwa huzuni. Huko mjini mtu alikuwa ameosha gari, ameagiza taa mbali, amefundisha watu la kusema. Chombo tu kilikuwa kimemshinda, kwa kuwa dada yake alilelewa vizuri.

"Bibi," alisema, "hicho chombo kiweke. Asikichukue mtu mpaka nirudi mimi."

Mzee Thabit alikuwa na duka la saruji na mabati, na nyumba Gongoni yenye geti la kijani. Aliyefungua geti ni binti yake Rahaf, mwalimu wa chekechea, mikono imejaa unga wa manda za sambusa. Aliposikia neno polisi alirudi nyuma hatua, akamwita baba yake, akasimama kwenye mlango wa jikoni. Hakuingia ndani.

Gari lilikuwa uani, linang'aa kwa kuoshwa. Julieth alilitazama wakati wa salamu. Taa ya mbele ya kulia ilikuwa imefifia, imeingia manjano kwa jua la miaka. Ya kushoto ilikuwa angavu, haina hata doa. Gari moja, taa mbili za umri tofauti.

"Gari zuri, mzee. Unalitumia sana?"

"Halijatoka wiki nzima," alisema Thabit. "Betri mbovu."

"Pole. Bibi Tufaha anashukuru kwa futari ya juzi."

Thabit alivua kofia yake. Nyuma yake, Rahaf aliacha kupukuta unga.

"Anasema mtavumilia kuhusu hotpoti," aliendelea Julieth, "asali ya Sikonge haijafika."

Mzee hakuwa mwongo mzoefu. Uongo wake wa kwanza ulipoanguka, hakuwa na wa pili tayari, akasimama katikati ya ua wake, kofia mkononi.

"Basi ni mimi," alisema hatimaye. "Niliyeendesha ni mimi. Niandike."

"Nitaandika. Uliwasha taa gani?"

"Taa za gari."

"Kubwa au ndogo?"

"Zote."

"Ulipofika kwa dada yako?"

"Nikabisha hodi, tukasalimiana, nikarudi."

"Alikuwa mzima?"

"Mzima kabisa, alhamdulillahi, tulizungumza."

Julieth aliandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wa polepole. Hakuna hata moja lililokuwa kweli. Mtu anayekiri kosa kubwa namna ile akadanganya madogo yake alimtia shaka kuliko anayekana.

"Taa ulibadilisha wapi?"

"Hapa. Niliagiza Nzega, ikaja tupu, globu nikatia mwenyewe. Sikutaka fundi aone."

"Washa zile ndogo."

Hilo Thabit aliliweza. Ya kulia iliwaka manjano iliyochoka. Ya kushoto iliwaka nyeupe kali yenye ubuluu, zile za kisasa zinazouzwa kila kona. Na betri mbovu ikaziwasha zote mbili bila taabu.

"Sasa naomba unitolee hiyo ya kulia," alisema Julieth. "Hiyo ndiyo aliyoiona shahidi wangu ikiwaka. Naichukua kama kielelezo."

"Sasa hivi?"

"Umesema ile ya kushoto uliitia mwenyewe. Ni kazi ndogo."

Thabit alizima taa, akaenda mbele ya gari, akaanza kulipapasa boneti. Alikuwa mtu ambaye fundi humfuata nyumbani. Alitafuta pa kulifungulia, hakupaona. Julieth akaingia akavuta kishikio chini ya usukani. Boneti likafunguka. Mzee alitazama ndani kama mtu aliyepotea sokoni, kisha akarudi mbele, akaanza kuibonyeza taa kwa nje, penye kioo.

"Naomba bisibisi," alisema.

"Ya nini, mzee?"

"Ya kufungulia hiki kioo."

Jasho lilikuwa linamshuka ndevuni. Alikuwa amefunga tangu alfajiri, na jua la alasiri halikuwa na huruma naye. Alipitisha mkono nyuma ya taa, akashika alichokipata, ambacho kilikuwa waya, akauvuta. Akauvuta tena kwa nguvu. Mkono uliteleza ukachubuka kwenye chuma.

"Baba, acha."

Rahaf alikuwa ameshuka ngazi za jikoni. Julieth hakugeuka. Alikuwa amemsubiri tangu bisibisi ilipotajwa, na alijichukia kidogo kwa kumtesa mzee wa watu ili ampate.

"Rahaf, ingia ndani!"

"Utakata waya, baba. Hauvutwi." Alimsogeza babake kwa bega, akapitisha mkono mwembamba nyuma ya taa bila kutazama, akazungusha kidogo kuelekea kushoto. Soketi ikatoka na globu yake. Akaishika globu kwa vidole viwili, akaivuta moja kwa moja, wala hakuizungusha, akaiweka kwenye kiganja cha Julieth. Ilikuwa na alama ya unga. "Hii sikuigusa siku ile. Ile ya upande wa pili nilitia kinyume, ikakataa kuwaka mpaka nilipoigeuza. Nilijifunza kwenye simu."

Thabit alikaa kwenye ngazi. Alijifunika uso kwa kofia yake.

"Sambusa zilichelewa," alisema Rahaf. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, ndiyo iliyotisha. "Nilitaka nifike kabla ya adhana. Mwanga ulikuwepo bado, nikawasha ndogo tu. Sikumwona kabisa. Nilisikia tu."

"Ukasimama?"

"Nikasimama. Nikafungua mlango, mguu mmoja ukawa chini. Nilimsikia anaguna. Halafu nikaona kwenye kioo taa ya pikipiki inakuja nyuma. Nikafunga mlango. Kwenye kona nikapunguza mwendo, nikatazama. Nikaona amesimama, ameshuka, anamwinamia. Nikasema, Mungu amemleta huyo. Nikaenda kwa shangazi."

"Ulimwona akishuka."

"Nilimwona."

"Na ukasikia kwamba ndiye tuliyemkamata."

"Mji mzima umesikia." Ndipo sauti ilipomkatika. "Nilijua mtamwachia. Jana nilisema watamwachia, leo pia nikasema watamwachia. Mtu aliyembeba majeruhi mgongoni, nani atamfunga?"

Julieth alimhurumia, kisha akamkasirikia, na hasira ndiyo iliyodumu. Aliifunga globu kwenye karatasi, akaandika juu yake mahali ilipotoka na mkono ulioitoa.

"Yule mama ameamka?" aliuliza Rahaf.

"Bado."

Msichana alitikisa kichwa, akaenda kwenye bomba la uani, akaanza kuosha unga mikononi. Babake alimwita kwa jina mara mbili. Rahaf alifunga bomba vizuri, akavuta mtandio wake kichwani, akasimama kando ya geti.

Julieth alipiga simu kituoni.

"Afande, jina la Shilinde litoke kwenye karandinga la kesho."

"Umepata gari?" aliuliza Dionis.

"Gari ninalo. Na nimempata shahidi wa Shilinde. Alimwona kwa macho yake akishuka kwenye pikipiki kumsaidia yule mama, baada ya ajali kutokea."

"Shahidi mwenyewe atakubali kuja kituoni? Watu wa huko hawapendi kesi."

"Anakuja. Tuko naye hapa getini."

"Vizuri. Na dereva je?"

"Ni huyo huyo, afande."